Vitabu vya Paa

Shangazi yangu ni mkutubi wa shule ninapofundisha hesabu, na kwa miaka minane amelinda vitabu utadhani wanafunzi ni panya. Kitabu kikiazimwa leo, kesho asubuhi yuko mlangoni mwa darasa anakidai. Watoto wakaacha kuazima. Vitabu vikabaki salama salimini, maktaba ikawa tupu, hata mwalimu mkuu akaona bora aijaze madawati mabovu.

"Nakupa mpaka Ijumaa," alimwambia. "Nisipoona mwanafunzi humu, naigeuza stoo."

Shangazi alilia, mwanamke asiyetoa chozi hata akikata vitunguu. Jumatano akaletewa kikaratasi cha mwalimu wa ufundi: "Kesho naleta darasa la sita. Niandalie vitabu vya paa." Basi furaha aliyokuwa nayo! Alipanda ngazi, akapekua kila rafu, akashusha kila kitabu chenye mnyama mwenye pembe. Ubaoni akachora paa mkubwa kwa chaki. Mimi niliona mbuzi.

Kesho yake mwalimu wa ufundi akaingia na watoto arobaini, rula na kipande cha bati. Akatazama meza. Akatazama ubao.

"Mama, mimi nafundisha kuezeka."

"Kuezeka nini?"

"Paa! Paa la nyumba!"

"Si ungesema!"

"Si nimesema!"

Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana hakuna aliyekubali kushindwa. Miaka yote hiyo hawakuwahi kupanga somo pamoja hata dakika tano.

"Sasa kwa nini vyote vinaitwa paa?" binti mmoja akauliza.

Mwalimu akamtazama shangazi. Shangazi akatoa ufunguo, akafungua kabati, akaleta kamusi ambayo hata mimi mtoto wa kaka yake sijawahi kuigusa.

"Tafuteni wenyewe," akasema.

Wakaivamia. Mmoja akapata kupaa angani. Mwingine akapata kupaa samaki, yaani kumtoa magamba. Mwalimu wa ufundi akabisha, akaonyeshwa, akaomba radhi. Wengine wakainamisha bati, wakauliza maji hukimbilia wapi, wakarudi rafuni kutafuta habari za mvua. Ilikuwa kelele tupu, nami niliipenda.

Mara mwalimu mkuu akatokea na mafundi waliobeba dawati la kwanza. Ilikuwa Alhamisi, ila mwenye kutamani stoo hangoji Ijumaa. Hakuona pa kuliweka. Watoto walijaa mpaka sakafuni.

"Kupaa samaki?" akasikia, akachuchumaa kati yao. "Si ni kuparua? Hebu nione."

Alipoinuka aliwaambia mafundi warudishe dawati lilikotoka, na madawati mengine wayatafutie mahali pengine kabisa.

Kengele ikalia. Mwalimu wa ufundi akakusanya rula zake.

"Mama, wiki ijayo nitahitaji vitabu vya kaa."

Shangazi akamdaka mkono, akamvutia kiti.

"Kaa," akamwambia. "Hutoki humu mpaka unieleze: wa baharini au la moto?"