Bedan, Mshika Vichwa

Bedan Gathogo alikuwa mshika vichwa. Msicheke, kazi hiyo ilikuwako. Mwaka wa 1957, katika hospitali moja ya Thika, daktari akitaka kuchungulia koo la mtu aliyeshindwa kumeza, alitumia bomba la chuma lililonyooka, lenye taa ndogo nchani. Koo la binadamu halikunyooka. Basi mgonjwa alilazwa chali, kichwa kikaachwa nje ya meza, na Bedan akakibeba mikononi, akikiinua na kukishusha kulifuata bomba. Angeteleza kidogo tu, chuma kingetoboa koo. Miaka tisa hakuteleza, na majivuno yake yalifika hadi Ruiru.

Krismasi hiyo nyama ikamkwama kifuani. Akainywea maji, ikashuka shingo upande. Wiki iliyofuata ikakwama tena.

Hakuhitaji kuambiwa. Kwanza nyama hukataa, kisha githeri ya mahindi na maharagwe, kisha uji, mwisho maji. Vichwa vyote alivyovishika vilikuwa vya watu wa namna hiyo, na karibu wote walirudishwa nyumbani na saratani yao wakafie huko. Mganga hajigangi, na Bedan hakumwambia daktari neno. Aliogopa, huo ndio ukweli. Tangu siku hiyo hakutulia. Alikula amesimama. Jioni alizunguka nyuma ya nyumba yake, pale kijijini Mugutha, na punje chache za githeri kiganjani, akizimeza moja moja kujipima. Zikishuka, alifurahi hadi asubuhi. Zikisita, alichukua baiskeli akaenda asikokujua.

Mwezi wa tatu bintiye Idah akapata barua: ameitwa Nairobi kusomea uuguzi, miaka mitatu, na aliyeolewa hapokelewi. Bedan akaisoma akihesabu kichwani. Yeye miaka mitatu hana. Akifa, nani atampokea mchumba wa Idah? Nani atasimama mbele ya wazee?

"Huendi," akamwambia. "Kagwe na watu wake wanakuja kuongea."

"Lakini Baba, Kagwe amekubali kungoja."

"Mimi sikukubali."

Mkewe Wangeci akamfuata nje. "Baba Idah, nini inakusumbua? Wewe ndiye ulimfundisha huyu mtoto kufunga bandeji."

Akapanda baiskeli akaondoka. Jibu la kwenda Nairobi, la kukataa ile nafasi, aliliandika mwenyewe na kulipeleka posta Thika kwa mkono wake.

Mambo yakaenda mbio. Ruhusa ya mkusanyiko ikaombwa kwa chifu, mahari ikazungumzwa, na Jumamosi moja ya mwezi wa sita mbuzi wa ngurario akachinjwa. Mbuzi huyo akishaliwa, binti ameolewa, na hakuna mzee atakayekaa kulijadili tena. Kagwe akakata nyama kwa heshima, akampa baba mkwe kipande cha bega. Wazee wote wakamtazama. Kipande cha siku hiyo hakikataliwi. Bedan akatafuna hadi taya zikauma, akameza, kikakaa palepale. Hata mate yakagoma kupita.

Kesho yake walimpeleka Thika kwa lori la mkonge. Daktari akatazama huku na huku akimtafuta mshika vichwa, kumbe ndiye aliyelala mezani. Akaitwa Nzioka, mfagiaji wa chumba hicho, aliyekuwa akimtazama Bedan kazini miaka yote.

"Legeza shingo, mzee," Nzioka akasema. "Mimi nakushika."

Bedan alikuwa amewaambia mamia ya watu kwamba si kitu. Alikuwa mwongo. Machozi yalimtiririka hadi masikioni.

Daktari akaivuta nyama, akachungulia tena. Bomba lilipotoka akauliza, "Kiungulia umekuwa nacho tangu lini?"

"Miaka kumi. Nalamba magadi."

"Asidi imekuunguza, ikaacha kovu. Ni kovu tu, Bedan. Litakuwa likipanuliwa kule Nairobi kila baada ya miezi michache, na utakula."

"Lakini wote niliowashika..."

"Hao huja maji yakishagoma. Walio na makovu hupanuliwa huko huko Nairobi, huwaoni. Ungeniuliza Januari."

Alipaswa kufurahi, na alijaribu. Akaugeukia ukuta.

Jumatatu Idah alikuja wodini na chupa ya uji, kitambaa cha mke wa mtu kichwani. Akammiminia, akamwinua mgongo vizuri, kama wauguzi wafanyavyo. Bedan akanywa, ukashuka wote. Ndipo akamwambia yote: nyama ya Krismasi, githeri nyuma ya nyumba, hesabu ya ile miaka mitatu.

Idah alifunga chupa polepole.

"Ungeniambia, Baba," akasema. "Ningekaa nikuuguze. Kisha ningeenda."

Kagwe alikuwa akimngoja langoni. Idah akamfunika baba yake miguu, akatoka.