Breki za Mafuta

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni msoma mita za maji. Kazi yake ni kwenda nyumba hadi nyumba, kuinua kifuniko cha chuma, kupangusa kioo kwa kidole gumba, kusoma namba na kuziandika. Mtaa mzima unamwita Mita. Ana miaka arobaini na tisa, mrefu, mkimya, na ukimpa chai iliyotiwa chumvi kwa bahati mbaya ataimaliza, ashukuru, kisha aombe maji polepole usije ukajua. Mimi ni kinyume chake. Ni fundi cherehani, nimepanga chumba chao cha nyuma, nashona barazani kwao, na mdomo wangu unasikika hapo barazani mpaka kona ya pili. Tumekaa nyumba moja miaka kumi na mmoja na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Nayasema haya mapema ili mjue nilimkosea mtu wa namna gani.

Kazini huenda kwa baiskeli. Ile ya zamani ilikuwa nzito kama mlango, na breki zake zilikuwa za mpira, zile zinazobana ukingo wa gurudumu. Sasa, kutoka kwetu hadi barabara kuu kuna mteremko mrefu wa lami, na chini yake kuna kivuko cha watoto wa shule. Jua likiwaka hakuna neno. Mvua ikinyesha, mpira unateleza kwenye chuma kama umepakwa sabuni. Siku moja alirudi amelowa chapachapa, akakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Leo nimesimama baada ya kivuko, shemeji," akasema. "Si kabla. Baada."

Hapakuwa na mtoto barabarani saa ile. Lakini alikaa pale na koti lake la maji, akiitazama ile baiskeli.

Ndipo alipoanza kuchagua. Alitaka baiskeli ya mbio, ile nyembamba yenye usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo, kwa sababu ameitamani tangu ujana. Na alitaka iwe na breki za diski, kwa sababu ya kivuko. Miezi minane alichagua. Alikuwa na daftari lenye picha alizokata magazetini, na kila picha ameiandikia sifa na kasoro kama anayetafuta mchumba. Mimi mwenyewe nilimpima urefu wa miguu kwa tepu yangu, kama ninayemshonea suruali, maana alisoma mahali kwamba fremu huchaguliwa kwa mguu wa mtu.

"Shemeji, mwanamume wa umri wako hununua godoro zuri," nikamwambia, sindano zikiwa mdomoni. "Baiskeli ya mbio unamkimbiza nani?"

"Simkimbizi mtu. Nataka kusimama."

Siku ya kununua akaniomba twende wote. "Mimi nikitajiwa bei naitikia," akasema. "Wewe una mdomo." Basi nikavaa gauni la kutokea, nikaenda na mdomo wangu.

Muuzaji alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, aproni ya turubai, kucha nyeusi kwa grisi. Alimpandisha Mita kwenye baiskeli ya kwanza, magoti yakagonga usukani. Ya pili, vidole vya miguu ndiyo kwanza vinatafuta ardhi. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, na alipoikalia tu, mgongo wake ukalala vizuri, uso wake ukabadilika. Nimeshona nguo za maharusi wengi. Uso ule naujua, ni wa mtu ambaye nguo imemkaa.

Mita akafungua daftari, akauliza maswali yake moja baada ya jingine. Binti akajibu bila haraka. Diski ni sahani nyembamba ya chuma iliyofungwa katikati ya gurudumu, breki huibana hiyo, ndiyo maana mvua haiisumbui sana. Na diski zenyewe ni za namna mbili, kuna za waya na kuna za mafuta.

"Hizi ni breki za mafuta," akasema akigusa ile ya kijivu. "Breki za mafuta unabana kwa kidole kimoja tu, baba, na unasimama."

Akaendelea kueleza mafuta hayo yako wapi na yanafanya nini. Mimi akili haikuwepo. Nilikuwa natazama kile kikaratasi cha bei kinachoning'inia, natafuta pa kuanzia. Nilichoondoka nacho ni maneno matatu: breki za mafuta.

Mita alipoitoa nje kuijaribu uani, nikaingia kazini.

"Binti, chuma chenyewe nusu, bei nzima?"

"Wepesi ndio unaolipiwa, mama."

"Basi mimi nikikuletea gauni lisilo na mikono nikutoze zaidi?"

Wateja wawili wakaacha kuangalia kofia zao, wakawa wanatusikiliza. Nikapata nguvu. Binti akapunguza kidogo, nikakataa, akapunguza tena. Kisha akasema, "Kuna kitu kimoja muhimu, mama, kabla hamjaondoka. Hizi sahani zake..."

"Sahani tunazo nyumbani," nikamkata. "Wewe punguza bei."

Duka zima likacheka. Binti naye akacheka, akapunguza mara ya tatu, na lile alilotaka kusema likabaki kooni mwake. Nikatoka nimejaa sifa kama puto.

Baiskeli ikapewa kona ya sebuleni. Dada akaizunguka mikono kiunoni. "Kwa hiyo nimeletewa mke mwenza," akasema, "na mshenga ni mdogo wangu mwenyewe, tumbo moja." Lakini alikuwa anatabasamu, kwa sababu Mita alikuwa anapiga mluzi. Wiki tano nzima mtu yule alipiga mluzi akitoka na mluzi akirudi.

Mvua zikaanza, na breki zikaanza kulia. Zilikuwa zinashika vizuri, hata Mita alisema hajawahi kusimama hivyo maishani, lakini kila akibana zinapiga yowe jembamba ambalo lilikuwa likimtangulia mtaani. Mteja wangu mmoja akasema Mita kafunga mbuzi kwenye gurudumu.

"Mbuzi ana nafuu," nikadakia, "ukimchoka unamchinja."

Kicheko kikawa kikubwa. Mita alikuwa anapita saa hiyo hiyo. Akatabasamu, akainamisha macho. Tangu siku ile akawa anashuka nyumba mbili kabla ya yetu na kuikokota mpaka mlangoni, isije ikalia mbele ya wateja wangu. Siku ya tatu ya kumwona anaikokota, nikajisikia vibaya. Nikasema nitamtengenezea.

Jumapili alasiri yeye na dada walikwenda kumtazama mgonjwa. Nikachukua kikopo changu cha mafuta. Kwenye kazi yangu, kitu kinacholia kina kiu. Cherehani ikilia unaipa tone, mkasi ukilia unaupa tone, na hizi wenye duka wenyewe wamesema ni breki za mafuta, kwa hiyo zimekauka, nani asiyeelewa hapo? Nikatia matone mawili kila sahani, nikazungusha gurudumu yaenee, nikaongeza moja pale zinapobana. Nikapangusa ukingo kwa kitambaa safi. Nikabana, kimya kabisa. Sikumwambia mtu. Nilitaka aondoke asubuhi, abane, asikie kimya, arudi aniulize ni nani.

Asubuhi ilikuwa kavu. Sikuwa nimemaliza hata kuvisha uzi sindano, dada akatoka ndani simu ikiwa sikioni, amevaa kiatu kimoja.

Mita alikuwa ameshuka mteremko kama kila siku. Alibana breki, akabana tena kwa mikono yote miwili, gurudumu halikusikia. Watoto walikuwa wanavuka. Akakata kona, akaingia kwenye rundo la kokoto la watu wanaojenga. Watoto hawakuguswa. Yeye alivunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, na shavu la kulia lote likachubuka.

Tulimkuta hospitali, kwenye benchi la ukutani, mkono umefungwa kifuani. Hakulalamika maumivu.

"Miezi minane, shemeji," akaniambia. "Nimesoma, nimepima, nimeuliza. Na bado nikachagua vibaya. Yule mtoto wa mbele alikuwa hatua tatu."

Nikakikumbuka kikopo changu cha mafuta. Nikafungua mdomo, huu huu wa kumkata binti wa watu kauli, nikamuuliza kama anataka maji.

Dada ndiye aliyesema. "Wale wa duka wanauza vifo. Kesho uende na mdomo wako, uwanyooshe."

Nikaenda. Nilikuwa ninaikokota ile baiskeli na njia nzima najifariji kwamba labda si mimi, labda kuna kilichokatika. Binti alichuchumaa, akapitisha kitambaa cheupe kwenye sahani, akakinusa.

"Haya ni mafuta ya cherehani," akasema. "Mama yangu anashona, nimekua na harufu hii. Nani ameyatia?"

"Sijui."

"Hapa hapatiwi mafuta kamwe, mama. Hata kidole tunakataza, maana jasho lina mafuta. Ndicho nilichotaka kuwaambia siku ile."

"Si mlisema ni breki za mafuta?"

"Mafuta yako ndani. Yamefungwa ndani ya mrija, ndiyo yanayosukuma. Huku nje panatakiwa pawe pakavu."

Akatazama vipande vya uzi vilivyonata kwenye gauni langu, kisha akageuza macho kwenye kazi yake. Huyo mtoto ana adabu kuliko mimi. Akaosha sahani kwa spiriti, akabadilisha pedi zinazobana, akaijaribu uani mara nne. Haikuchukua hata saa nzima.

"Baba aambiwe kwamba baiskeli haina kosa," akasema.

"Nitamwambia."

Nyumbani dada aliniuliza, "Wamesemaje?" Nikajibu, "Wametengeneza." Akasema, "Basi wamekiri," na mimi nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa uongo wenyewe. Kabla ya jua kuzama mtaa wote ulikuwa unajua kwamba duka lile linauza breki mbovu, na jirani aliyetaka kumnunulia binti yake baiskeli akaghairi.

Siku zikaenda. Nilipika vizuri kuliko kawaida. Nilimshonea Mita mashati mawili ya kufungwa begani ili asisumbuke na mkono. Akanishukuru, nikakosa pa kuweka uso. Kila asubuhi niliapa nitasema, na kila asubuhi palikuwa na mteja.

Kisha Mita akatangaza kwamba anaiuza. Msimamizi wake kazini ameitaka, atakuja Jumamosi kuichukua.

"Na wewe utapanda nini ukipona?" nikamuuliza.

"Ile ya zamani. Ubaya wake naujua."

Jumamosi msimamizi akaja, mtu mnene mpole, kofia mkononi. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa kwenye ukuta wa baraza. Mita akampa karatasi aliyoiandika kwa mkono usio wake, wa kushoto, herufi zimelala huku na huku. Msimamizi alisimama karibu yangu, nikaisoma nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Ilisema: "Breki zilikataa mara moja. Duka limetengeneza lakini usiziamini. Mteremkoni ushuke utembee."

Nikatazama chini, nikaona nimeshona mkono wa gauni ndani nje. Nikasimama.

"Usiiuze, shemeji. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Nilizitia mafuta. Ya cherehani. Nilisikia breki za mafuta, zikawa zinalia, nikadhani zimekauka. Dukani walinionyesha, nikakana."

Msimamizi akakohoa, akaanza kuikagua kofia yake. Mita alinitazama kama anavyotazama kioo chenye ukungu, anangoja namba zionekane.

"Matone mangapi?"

"Mawili kila sahani. Nikaongeza moja moja."

"Kwa hiyo kabla ya hapo zilikuwa zinashika."

"Zilikuwa zinashika."

"Nilichagua vizuri," akasema, si kwangu, kwake mwenyewe. Akaichukua karatasi mkononi mwa msimamizi, polepole. "Samahani, mkuu. Haiuzwi."

Dada alikuwa mlangoni. Nilijiandaa kwa matusi, ningeyapokea kwa mikono miwili. Hakutukana.

"Siku kumi na mbili," akasema. "Siku kumi na mbili namvisha, namwogesha, namkatia chakula, na wewe umekaa hapo unatutazama." Akaingia ndani. Tulianza tena kuzungumza mwezi uliofuata, na mpaka leo hanitumi tena mahali kwa ajili ya mdomo wangu.

Nilikwenda dukani nikasema mbele ya wateja. Nilikwenda kwa jirani nikasema. Hayo yalikuwa mepesi. Mita alinisamehe siku ile ile, na kwa kuwa ni Mita, aliomba jambo moja tu, tena kwa upole kama anayeomba chumvi: "Shemeji, naomba usiiguse."

Mfupa umeunga. Anaipanda tena, na mwenyewe anasema inashika kuliko hata siku ya kwanza. Mluzi haujarudi. Kutoka kwenye cherehani naona pale mteremko unapoanzia. Akifika pale anashuka, anaisukuma hatua moja, anabana ya mbele. Anaisukuma tena, anabana ya nyuma. Anainama, anazitazama sahani zote mbili. Jana nilimhesabia, amerudia mara sita, kisha akapanda. Hajui kwamba namwona.