Uwanja wa Levina Haufagiwi

Hapa Kibaoni mwanamke hupimwa kwa uwanja wake. Ukifagiwa asubuhi mpaka udongo ukabaki na mistari ya ufagio, wewe ni mke. Ukiachwa na majani, wewe ni mvivu na kwenu hawakukufunda. Levina, jirani yangu, aliamua kuitwa mvivu, na mimi nampenda kwa hilo.

Zamani alifagia kama sisi. Alipoolewa na Deus alipokezwa ufagio na mama mkwe wake, Wilhelmina, aliyeufagia uwanja huohuo tangu ujana wake. Sasa wewe fagia udongo kila siku, kisha mvua za masika ziubebe. Uwanja ulishuka, msingi ukatokeza nje kama fizi za mgonjwa. Barabara ilipoinuliwa kwa kifusi, maji yake yote yakageukia kwa Levina. Mwaka jana kona ya jiko ilianguka, na ufa ukaanza kupanda ukuta wa chumba cha kulala.

Basi akaacha kufagia. Alichimba mtaro wa kukinga maji upande wa barabara, akapanda mchaichai kwenye tuta lake ili mizizi ishike udongo, na uwanja mzima akautandika majani makavu ya mpunga, yale ambayo wenzake huyachoma moto shambani. Tukasikia ya kusikia. Mara anafuga nyoka, mara Deus yuko kwenye mashamba ya miwa hajui kwamba nyumba yake imegeuzwa zizi. Barnaba, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kusali nyumba kwa nyumba, akatangaza kwamba zamu ya kusali kwa Levina itarukwa mpaka asafishe. Levina alimjibu mbele yetu sote kwamba Mungu hakuumba dunia ikiwa imefagiwa. Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira, maana kwa huyo Barnaba ni vumbi tupu, hata kuku wanakohoa.

Wakamwita Wilhelmina kutoka Mofu, anakoishi siku hizi kwa binti yake, aje kumtia mkwe adabu. Aliitikia shikamoo kwa shingo upande, hata maji hakunywa, akashika ufagio na kuanza kukusanya majani. Nilikuwepo. Levina hakumnyang'anya, kwa sababu mama mkwe hanyang'anywi kitu. Alipiga magoti mbele yake.

"Mama, kitovu cha Deus ulikizika wapi?"

Bila kufikiri, bibi alinyoosha mkono kwenye kona ya jiko. Pale palikuwa na shimo na mawe ya msingi yaliyolala ovyo.

"Udongo ule uko mto Lumemo, Mama. Tumeufagia wewe na mimi, mvua ikaubeba. Sasa inafuata nyumba. Mimi sifagii tena, hata mkinirudisha kwetu."

Wilhelmina alilia, na mimi nililia naye. Alipomaliza kulia, akaanza kuyarudisha majani kwa mikono yake.

Jumamosi jumuiya ilikuja, wakiamini bibi amekwisha kumnyoosha mkwe wake. Barnaba alisimama mlangoni na rozari yake mkononi, akauliza ni nani atakayefagia kabla hatujaanza. Watu wakamtazama Levina. Wilhelmina, aliyekuwa ameketi chini, ndiye aliyejibu.

"Mwenyekiti, kaa juu ya majani. Udongo huu uliobaki ni wa mwanangu."