Mbegu Tulizoamriwa Kufukua

Harufu ya udongo mkavu ukipata matone ya kwanza, wengine huipenda. Mimi hunirudisha siku tuliyomzika Mwende, dada yangu mdogo, nyuma ya nyumba yetu karibu na Kibwezi. Njaa ilikuwa imemfanya mwepesi hata baba alimbeba kwa mkono mmoja, jembe kwa mwingine. Mvua ya Machi ilianza tukiwa tunafukia.

Sisi watu wa joto hupanda kabla ya mvua. Mbegu inawekwa kwenye vumbi, inangoja, na mvua ikianguka inaamka siku hiyo hiyo. Oktoba iliyotangulia, mama alikuwa amemaliza shamba lote, mahindi na kunde, ndipo akaja afisa mpya wa kilimo, Gathua, mtu wa Limuru, pamoja na Mutiso, naibu wa chifu wetu. Gathua alikuwa anajipangusa jasho kama mtu anayelia.

"Mama Mwende, unalisha mchwa?" akacheka. "Kwetu mbegu hailali kwenye vumbi kama kuku. Ngoja udongo ulowe."

"Kwenu mvua hukaa, Bwana Afisa. Hapa hupita tu, kama basi la Mombasa."

Gathua akacheka tena. Mutiso akamkata mama kauli. "Wewe mama, utabishana na serikali? Fukua, ama utoke kwa mwolyo."

Mwolyo ndio chakula cha msaada. Mama akashika jembe. Sisi watoto tulichambua mbegu mchangani kwa vidole.

Mvua ikaja kwa kishindo. Tukangoja udongo ulowe, kama tulivyoambiwa. Tulipopanda, yalikuwa yamebaki manyunyu ya kuagana. Mahindi yalifika magotini, majani yakajikunja kama sigara, yakakauka. Ng'ambo ya mto, kwenye eneo la naibu mwingine wa chifu, walipanda kwenye vumbi na wakavuna. Na huo mwolyo? Haukufika.

Kanisani walisema kifo cha Mwende ni mapenzi ya Mungu, nikaamini. Nilipokuwa mkubwa nikaenda kuchuma majani chai Limuru. Nikaona ukungu, manyunyu ya wiki baada ya wiki, udongo baridi ambamo mbegu ikiwahi sana inaoza. Gathua hakudanganya kuhusu kwao. Lakini alikuja kwetu na udongo wa kwao kichwani, na mama alipomwambia, alicheka.

Yeye alihamishwa, akarudi kwenye baridi yake. Mutiso bado yuko, anakaa benchi ya mbele kanisani. Pole yake sitaki. Nataka asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake ni nani aliyemwambia mama afukue, na Mwende alikufa kwa ajili ya nini.