Salamu za Bulwe

Mimi ni shangazi wa Nakku, na kwetu Buganda msichana haendi kwa mume shangazi akiwa amenuna. Nami nilinuna, tena kwa haki. Mubiru aliyemtaka Nakku alikuwa mpole, mchapakazi, hagusi pombe. Ila hakuwa na ndugu hata mmoja wa kuja naye kujitambulisha kwetu. Nani alishaona bwana harusi akija ukweni peke yake, kama mchuuzi wa sabuni?

Ndugu alikuwa nao, tele. Walimsusa kwa sababu ya ndege.

Ndege mwenyewe ni bulwe, yule mrefu wa kijivu anayesimama kwenye mafunjo kutwa bila kutikisika, domo pana kama kiatu cha askari. Wavuvi husema ukimwona asubuhi, geuza mtumbwi, hupati kitu. Mubiru, naye mvuvi, alimwona kila asubuhi, na kila asubuhi alimwinamia. Bulwe naye huinama, akatikisa kichwa na kugonganisha domo: ka-ka-ka-ka!

Hayo ndugu wangeyameza. Kilichowakaba ni chakula cha bulwe. Anampenda kamongo kuliko samaki wote, na Mubiru ni wa ukoo wa Kamongo. Watu hao kamongo hawamli, hata harufu yake sokoni huikimbia, maana kwao huyo ni babu.

"Anamwamkia mla babu!" alifoka baba yake mkubwa. Tunamwita Ssalongo kwa kuwa alizaa mapacha, na kiburi chake pia ni cha watu wawili. Akaamuru ukoo wote umkatie Mubiru salamu, ukamkatia. Nakku alipoanza kulia usiku na mchana, nilimfuata Ssalongo nikamwambia aje amalize neno hili, la sivyo nitamtafutia msichana mume mwingine.

"Basi tutamhukumu huyo ndege," akasema. "Tena mbele ya macho yake. Hatuhukumu mtu hayupo."

Tukaingia kwenye mtumbwi wa Mubiru. Ssalongo na wazee wenzake wawili walivaa kanzu na makoti kama watu wa harusini. Mimi nilikaa nyuma, nimekusanya gauni langu la gomesi lisilowe.

Bulwe tulimkuta na kamongo domoni, mkia ukining'inia nje.

"Babu!" mzee mmoja akapiga yowe.

Ssalongo alisimama, mtumbwi ukayumba. "Wewe! Unashtakiwa kumla babu yetu, na baba wa babu yetu, na huyo unayemla sasa hivi! Una la kusema?"

Bulwe akafungua domo. Kamongo akachomoka, chubwi, akazama.

"Amemwachia," mzee wa pili akanong'ona.

"Kimya! Hiyo ni hongo."

Mara bulwe akamgeukia Ssalongo, akainama mpaka domo likagusa kifua. Ka-ka-ka-ka!

Muganda aliyelelewa anaweza kukunyima ardhi, akakunyima na binti, lakini salamu haiachi ikadondoka.

"Ssalongo," nikamwambia, "umeamkiwa. Au adabu mmeiacha ufukweni?"

Alinitazama kwa chuki. Kisha akakohoa. "Eee... tumeamka salama. Huko kwenu?"

Ka-ka-ka!

"Watoto je?"

Ka-ka!

"Mmm."

Ka!

"Mmm. Haya, pole na kazi."

Wazee wenzake nao ikabidi waamkie, mmoja mmoja, kwa umri. Miguu yangu ilikufa ganzi.

"Sasa hukumu?" mmoja akauliza.

"Hukumu gani? Mtu umeshamuuliza watoto, utamhukumuje?" Ssalongo akaketi kwa hasira. "Ila Mubiru aache kumwinamia. Akiacha, tutakwenda naye ukweni. Asipoacha, aende na ndege wake."

Mubiru akaweka kasia chini. Si msemaji yule.

"Baba," akasema, "mlinikatia salamu kwa sababu ya huyu. Sasa mnataka nimkatie na huyu. Mkibadili mawazo tena, asubuhi nani ataniuliza nimelalaje?"

Nilidhani nitacheka. Badala yake nilimwonea huruma mpaka nikataka kumzaba mtu kofi.

Ssalongo aliyatazama maji, mahali babu alipozamia na kuacha mapovu mawili. Akamtazama ndege. Mwisho akavua kofia, akaipakata.

"Mubiru, mwanangu," akasema. "Umelalaje?"

Mubiru akafungua mdomo ajibu, akawahiwa.

Ka-ka-ka-ka! akajibu bulwe.

"Sijakuuliza wewe!" Ssalongo akang'aka. "Namuuliza mtoto wangu!"



"Nimelala salama, baba," Mubiru akasema, machozi yakimdondokea kasiani. "Nyumbani hawajambo?"

Hapo nikaacha kununa.