Ndovu Mwenye Nishani Afukuzwa Kaloleni

Nimefanya kazi nyingi ambazo hazidai cheti. Nimekata mkonge, nimechimba mashimo ya vito yasiyotoa kito hata kimoja, nimesukuma mkokoteni wa maji. Shule niliiacha darasa la sita, na hatukuachana kwa ubaya. Kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake. Kusoma ndiko sikuacha. Ukinifungia mandazi kwa gazeti, nitaanza na gazeti.

Wakati huo nilikuwa nimerudi Voi, nakaa kwa dada yangu mtaa wa Kaloleni. Kazi yangu pale nyumbani ilikuwa moja tu, kumpeleka binti yake nasari asubuhi. Mwalimu wao alikuwa mama wa Werugha, aliyeteremka kutoka milimani na baridi ya huko bado iko usoni. Jumanne moja alinisimamisha langoni.

"Mjomba, unajua kufungua kufuli bila ufunguo?"

"Inategemea anayeuliza ni nani, madam."

"Anayeuliza ni mimi. Na kabati ni letu, usinitazame hivyo."

Ufunguo ulikuwa umepotea tangu muhula wa kwanza, na sasa wa pili ulikuwa ukingoni. Hakuna aliyekuwa ameuhitaji. Nilikata kufuli kwa msumeno wa chuma, mlango ukafunguka, na ndani nikaona vitabu kama arobaini vimepangwa wima, vyote vimevishwa karatasi ya kaki na juu yake nailoni. Kila kimoja kilikuwa na tundu katikati, limekatwa kwa mkasi, duara kama sarafu. Ndani ya tundu kulikuwa na kitu kinachong'aa.

"Haya matundu ni ya nini?"

"Ni ya nishani," alisema. "Si lazima ionekane?"

Vilikuwa vitabu vya picha vya watoto wadogo, vilivyoshinda tuzo, zawadi kutoka kwa watu wa Nairobi. Na kwetu kitabu hakitembei uchi. Mimi mwenyewe nilichapwa darasa la pili kwa sababu ya kitabu cha hesabu kisicho na kaki. Lakini cha hesabu hakina cha kuficha. Hivi vilikuwa na ndovu, kobe, mwezi wenye meno, na vyote vilikuwa vimegeuka faili za ofisi ya chifu zenye jicho moja la dhahabu.

"Watoto wanavipenda?"

"Watavipendaje? Hawajaviona. Wangevichafua."

Ndipo akanieleza shida yake. Waliovitoa walikuwa wamempigia simu kwamba mgeni wao angefika Ijumaa kuona jinsi vinavyotumika. Shule ambayo haivisomi ingenyang'anywa, vipelekwe kwingine. Mama huyu alikuwa ameandika barua mbili na kuhojiwa mara tatu ili avipate, akavitunza kama maiti ya mfalme, na sasa kule kuvitunza ndiko kungemponza.

Aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu, akafikiri. Halafu akachovya kidole kwenye kikombe chake cha chai.

"Tuvichafue kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe chukua pembe za kurasa, uzikunje. Mimi nitapaka chai."

Nimekutana na matapeli wengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kumwona anayeogopa hivyo tone la chai. Kidole kilifika kwenye karatasi, kikarudi.

"Madam," nikamwambia, "una watoto thelathini hapo nje. Kuchafua ni kipaji chao."

"Watavirarua!"

"Si ndiyo kazi unayotaka ifanyike?"

Akakubali kwa masharti. Kaki ingetolewa kwenye kitabu kimoja tu, watoto wanawe mikono kwa sabuni na wakauke juani kwanza, na kitabu nikishike mimi. Yeye hakuweza kutazama. Alitoka, akasimama nyuma ya tangi la maji.

Nilichagua cha ndovu kwa sababu nishani yake ilikuwa kubwa kuliko zote. Kilihusu ndovu mpweke anayezunguka kijijini na ua mkongani, akibisha nyumba moja baada ya nyingine kutafuta rafiki. Picha zilikuwa nzuri sana. Sijui waamuzi waliompa nishani walikaa wapi, lakini si karibu na shamba la mahindi.

"Ndovu akabisha hodi," nikasoma.

Mvulana mmoja wa mbele, ambaye nyanya yake analima Sagalla, akasimama.

"Apigiwe madebe, akimbie!"

"Hapana, huyu ni mzuri. Ameleta ua."

"Ametoa wapi hilo ua? Ni la maboga yetu!"

"Mjomba, usifungue mlango!" Huyo alikuwa mpwa wangu, mwenye miaka sita, ambaye herufi tano za kwanza zilikuwa zimemshinda tangu Januari. "Anataka unga huyo!"

Nilijaribu kumtetea ndovu. Nikasema ana huzuni. Wakasema hata yule ndovu aliyekula mahindi ya ghalani kwao alikuwa na huzuni. Kisha sahani za uji zikatoka, vijiko vikatoka, na thelathini wakaanza kupiga kama wanavyopiga wazazi wao shambani kufukuza ndovu. Nikafunua ukurasa, na kwa kuwa kwenye ukurasa uliofuata ndovu yuko nyumba nyingine, walishangilia. Ameondoka! Ikawa ndiyo hadithi. Anabisha, wanapiga, nafunua, anakimbia. Mwishoni mwandishi anampa kikombe cha chai na marafiki saba, sisi tulimfikisha mbugani.

Walitaka tena. Tulirudia mpaka uji ukapoa, na uji uliopoa ukaingia ukurasa wa nne. Kesho yake niliporudi walikuwa wananingoja, sahani mkononi. Alhamisi mpwa wangu alininyang'anya kitabu, akapitisha kidole kwenye mstari, akakisimamisha chini ya neno ndovu. "Huyu hapa." Nikafunua ukurasa mwingine na kufunika picha kwa kiganja. Akamtafuta kwenye maandishi, akampata. "Huyu tena! Pigeni!"

Mwalimu alikuwa mlangoni. Jioni hiyo nilimwona akivua vitabu kaki, kimoja kimoja, kwa wembe.

Ijumaa mgeni alifika, mama mpole mwenye miwani, suruali nyeupe, na vumbi letu jekundu tayari limempanda hadi magotini. Alitazama kabati wazi, akatabasamu. Kisha akaomba kile cha ndovu, fahari yao.

Kile cha ndovu kilikuwa kimebaki na jalada moja. Ukurasa wa tatu mtu alikuwa amechora moto mwekundu mbele ya mlango. Mwalimu alisema labda kimeazimwa.

"Madam amekikalia," walisema watoto, kwa pamoja.

Akainuka. Mgeni akakipokea kwa vidole viwili, akaanza kusoma kwa ile sauti tamu ya watu wa semina. Alipofika kwenye hodi, sahani zikalia. Miwani ilimteleza.

"Lakini jamani, anatafuta rafiki! Hamwezi kumkaribisha?"

"Wewe kwenu wanalala ndovu wangapi?" mpwa wangu akamuuliza.

Mama yule alitufahamu pole pole. Akacheka, akafuta miwani, akasema vitabu havihami. Hiki tu, akaongeza, angependa aende nacho, awaonyeshe wenzake Nairobi jinsi kilivyosomwa, wangetuletea kipya.

Nilimtazama mwalimu. Huyu ndiye aliyekuwa tayari kulia kwa tone la chai.

"Hapana," alisema. "Chukua vyovyote. Hiki bado tunakitumia."

Akakitoa mkononi mwa mgeni, akampa mpwa wangu. Mgeni aliondoka na cha kobe, kisafi kabisa.

Wiki iliyofuata miguu ilianza kuniwasha ikidai safari, nikapanda milimani Mwanda kulima kabichi za mtu. Kufuli jipya ambalo mwalimu alinituma nikanunue siku nilipokata lile la zamani, nililinunua kweli. Niko nalo hadi leo, kwenye sanduku langu la nguo. Hajawahi kuliulizia.