Miguu ya Sifuna

Nasambu alizaliwa Bokoli, akaolewa Tongaren, na tangu mumewe azikwe alikuwa akilima mahindi na kuuza maharagwe sokoni Kachibora. Alikuwa na watoto wawili. Tabby, binti yake mkubwa, alikuwa fundi wa nguo Bungoma mjini. Sifuna, kitinda mimba, alikuwa akipakia magunia katika ghala moja Kitale, mpaka wezi wakavunja ghala hilo na polisi wakawabeba wapakiaji wote. Wenzake walipata wadhamini. Yeye hakupata, akabaki mahabusu.

Hapo mwanzoni, kila kesi ilipotajwa Nasambu alifunga safari hadi mahakama ya Kitale. Mengi yaliyosemwa ndani hayakumwingia. Alichokifuata kilikuwa nje, pale lori la magereza liliposimama na mahabusu wakaruka chini mmoja mmoja. Alimtazama mwanawe anavyotua, anavyotembea, kama suruali imemlegea kiunoni. Askari mmoja wa makamo, Kipkosgei, alikuwa akigeuka kando kidogo ili mama amshike mwanawe mkono. Kwa mkono ule alijua kama ana homa, kama amelala, kama amekula.

Siku moja Kipkosgei alimwambia asijisumbue kuja tena. Kesi sasa zingesikizwa kwa video. Mahabusu wangebaki gerezani mbele ya kamera, hakimu akae kwake, na jamaa wafuate kwa simu popote walipo. Nasambu alimshukuru, akaona amefanyiwa hisani. Na kweli ilikuwa hisani. Zamani lori liliharibika njiani, faili likapotea, shahidi akakosa kufika, na kesi ikasukumwa mbele tena na tena. Sasa ilikwenda mbio. Mlinzi wa ghala, ambaye alikuwa amesharudi kwao mbali, alitoa ushahidi bila kupanda gari, akakiri kwamba siku ile hakuona sura ya mtu yeyote.

Simu ya Nasambu ilikuwa ya vibonyezo tu, kwa hivyo siku za kesi alishuka Bungoma kwa Tabby. Waliiegemeza simu ya Tabby kwenye cherehani, na wateja waliokuja kupimwa nguo walinyamaza bila kuambiwa. Sifuna alitokea ndani ya kisanduku kidogo, kuanzia kifuani kwenda juu. Kila mara karani alimuuliza jambo moja.

"Mshtakiwa, unatusikia?"

"Nawasikia."

Baada ya hapo mawakili walizungumza, hakimu akaandika, na kisanduku kikazimika.

Mara moja Nasambu alimwona akijipangusa jasho usoni, na ilikuwa Julai, Kitale kuna baridi ya kutetemesha. Aliinama juu ya cherehani akamwita kwa jina, akamuuliza kama anaumwa. Tabby alimshika bega, akamweleza kwamba sauti yao imefungwa, kwamba wanaofuata kesi wanaruhusiwa kuona tu, si kusema. Baadaye Tabby alipiga simu gerezani. Aliyepokea alikuwa mpole, akasema hakuna mahabusu wa jina hilo aliyeripoti ugonjwa.

Kesi iliposikizwa tena, hakimu alimwachilia huru. Wateja walimkumbatia Nasambu, mmoja akaanza kuimba. Amri ilitumwa kwa kompyuta, na mama na binti walipofika Kitale alasiri walikuta karatasi imeshawatangulia langoni. Waliambiwa wangoje kidogo tu.

Sifuna alitoka ameegemea bega la Kipkosgei, ambaye siku hizi alilinda lango. Suruali ilikuwa imepasuliwa hadi gotini na mguu umefungwa kitambaa. Kabla hajafika karibu, Nasambu alisikia harufu.

"Nani alikufanya hivi?"

"Ni jembe, mayi," alimjibu mama yake. "Kule shamba ya gereza. Kalikuwa kadonda kadogo tu."

"Na mbona hukusema?"

"Ukisema unaumwa, kesi inasukumwa mbele. Mimi nilitaka iishe." Alihamishia uzito kwenye mguu mzima. "Nao waliniuliza tu kama nawasikia."

Kipkosgei aliangalia chini. Alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba angekuwa bado anawashusha kwenye lori angeona.

Hospitalini mguu ulikatwa, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Sifuna aliishi siku chache za uhuru wake kitandani, akiuliza habari za mahindi na kama ng'ombe amezaa. Walimzika Tongaren kando ya baba yake, wakati mahindi yanaanza kukauka shambani.

Mwisho wa mwaka watu wa mahakama walikuja Tongaren kuwaeleza wananchi huduma mpya. Ofisa aliyeongoza, kijana mwenye heshima zake, alieleza jinsi kesi zilivyopungua na watu wanavyookoa nauli. Watu walipiga makofi. Alipouliza kama kuna mwenye neno, Nasambu alisimama.

"Mimi sina ubaya na hiyo video," alisema. "Mtoto wangu aliachiliwa na hiyo video. Lakini mimi ningemwona akishuka kwa gari, ningejua. Hata hakimu angejua. Si muwaambie wasimame? Watembee kidogo, muwaone, halafu ndio muulize kama wanasikia."

Kijana alishusha kipaza sauti. Alimpa pole, akaahidi kuyafikisha maneno hayo kwa wakubwa wake, na alionekana kumaanisha. Kama aliyafikisha, Tongaren hawajui mpaka leo.

Nasambu aliketi. Mtu wa nyuma akauliza kuhusu vyeti vya kuzaliwa, na mkutano ukaendelea. Alisubiri kwa adabu hadi ukafungwa kwa maombi, kisha akaenda zake nyumbani. Kulikuwa na maharagwe uani ya kupurwa, kazi ya watu wawili, akaianza peke yake.